Kutafuta Taarifa Maktabani na Mtandaoni: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uandishi wa Habari Aliyeko Mtwara au Lindi

Habari kubwa za nchi hii zinapita kusini kila mwaka: minada ya korosho, gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, magofu ya Kilwa Kisiwani, mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, yaani dinosaria, ya Tendaguru. Mwanafunzi anayesoma Mtwara au Lindi yuko karibu nazo kuliko mwandishi yeyote wa Dar es Salaam. Kinachomkwamisha ni utafutaji. Anaandika neno moja kwenye Google, anachukua matokeo matatu ya juu, na anaishia kunukuu gazeti lililonukuu gazeti jingine. Kosa la wa kwanza linakuwa kosa la wote.

Dawa yake ni swali moja la kujiuliza kabla ya kufungua simu: nani alilazimika kuliandika jambo hili lilipotokea? Idadi ya watu huandikwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Matumizi ya halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG. Waziri alichosema bungeni kimo kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kesi ina hukumu, na hukumu ina namba. Ukishajua aliyelazimika kuandika, unajua mlango wa kubisha, na gazeti linabaki kuwa njia ya kukufikisha kwenye mlango huo.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho: mkulima wa korosho anapokea kiasi gani mkononi?

Hatua ya kwanza: igeuze mada iwe swali lenye mahali, muda na kipimo

"Korosho Mtwara" haitafutiki. Andika hivi: "Mkulima wa Tandahimba aliyeuza korosho ghafi msimu wa 2018/2019 alipaswa kulipwa kiasi gani kwa kilo, alilipwa lini, na kwa utaratibu gani?" Swali hilo lina wilaya, msimu na kipimo. Livunje sasa, na kila kipande kipe mwenyewe.

Bei: Novemba 12, 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kuzikataa bei za wanunuzi minadani. Mwenye kumbukumbu ni serikali yenyewe, pamoja na Bodi ya Korosho Tanzania, ambayo makao yake makuu yapo Mtwara mjini. Utaratibu: Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, ambayo mfumo wake (mkulima hupeleka zao ghalani, hupewa stakabadhi, kisha zao huuzwa mnadani) ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Malipo na madeni: Hansard na ripoti za CAG. Makato: chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, na chama kikuu kinachoviunganisha vyama hivyo. Kwa Tandahimba na Newala chama kikuu ni TANECU, kwa Masasi na Mtwara ni MAMCU, kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI.

Andika vipande hivi kwenye ukurasa mmoja, kila kimoja na nafasi tupu mbele yake. Huo ukurasa ndio utakaokuongoza. Ukianza kusoma bila huo, utasoma mengi na kurudi mikono mitupu.

Hatua ya pili: kusanya maneno ya kutafutia

Hapa ndipo wengi wanapopoteza nusu ya nyaraka bila kujua. Jambo moja huandikwa kwa majina tofauti kutegemea nani anaandika na lini. Wananchi husema "stakabadhi ghalani", sheria inasema "stakabadhi za ghala", na wachumi wanaoandika kwa Kiingereza husema *warehouse receipt system*. Ukitafuta kwa neno moja tu, utapata kundi moja tu la waandishi. Korosho pia huitwa *cashew*, *cashewnut* kama neno moja, na *cashew nut* kama maneno mawili. Jaribu zote tatu.

Kwa habari za zamani, mipaka na tahajia huleta matatizo makubwa zaidi. Wakati wa Waingereza eneo hili lilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini, *Southern Province*, ambalo lilichukua pia Songea na Tunduru. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971. Kwa hiyo takwimu ya "Mtwara" ya sensa ya 1967 ina watu wa Lindi ndani yake, na ukiilinganisha na Mtwara ya leo utaandika ongezeko dogo kuliko lililotokea. Tandahimba ilikatwa kutoka Newala, Nanyumbu kutoka Masasi. Kabla ya kulinganisha takwimu za wilaya, hakikisha wilaya hiyo ilikuwa na mipaka ileile. Mto Ruvuma utaukuta ukiandikwa Rovuma, na Kilwa kwenye maandishi ya Wareno ni Quiloa.

Tengeneza orodha ya maneno kati ya manane na kumi na mawili, ukianza na Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha majina ya zamani.

Hatua ya tatu: maktaba

Anza na maktaba ya chuo chako, kisha Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Beba kitambulisho cha chuo, daftari, penseli, na simu yenye chaji na nafasi ya kutosha. Penseli ina sababu: sehemu zinazotunza nyaraka za kale, kalamu ya wino huwa hairuhusiwi.

Mkutubi ndiye msaada mkubwa kuliko kompyuta yoyote iliyomo humo, lakini anakusaidia kadiri ya swali lako. Ukisema "shikamoo, naomba vitabu vya korosho", atakuonyesha rafu ya kilimo na kuendelea na kazi zake. Sema: "Shikamoo. Naandika kuhusu malipo ya wakulima wa korosho. Natafuta ripoti za serikali au magazeti ya Oktoba 2018 mpaka Juni 2019. Yanatunzwa wapi, na kuna kitu chochote hakijaingizwa kwenye katalogi?" Sehemu ya mwisho ya swali ni ya thamani sana. Ripoti za semina, nakala za miradi na vijitabu vya mkoa mara nyingi hukaa kabatini bila namba.

Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey. Zikariri chache zinazokuhusu: 070 ni uandishi wa habari, 338.1 uchumi wa kilimo, 634 matunda na miti yake pamoja na korosho, 967.8 historia ya Tanzania. Ukifika kwenye rafu, usichukue kitabu ulichokifuata tu. Pitisha macho vitabu kadhaa kushoto na kulia kwake, maana jirani wa kitabu anazungumza mada hiyohiyo, wakati mwingine kwa ubora zaidi.

Kitabu cha utafiti hakianzi kusomwa ukurasa wa kwanza. Tazama nyuma ya ukurasa wa jina uone mwaka na toleo. Nenda kwenye faharasa mwishoni, tafuta maneno ya orodha yako, soma kurasa hizo. Kisha soma marejeleo ya mwandishi: hapo utapata majina ya ripoti ambazo hukujua kama zipo. Kitabu cha zamani chenye marejeleo mazuri kinakufaa kuliko kipya kisicho nayo.

Ukipiga picha kurasa, fuata mpangilio huu kila mara: jalada, ukurasa wa jina, ukurasa wa mwaka wa uchapishaji, ndipo kurasa unazozitaka, namba ya ukurasa ikionekana. Picha ya ukurasa 114 isiyojulikana ya kitabu gani haina kazi tena baada ya wiki mbili. Kwa gazeti, picha ya kwanza iwe ya ukurasa wa mbele wenye jina na tarehe.

Magazeti ya zamani ukiyakosa kusini, yatafute Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ambako wachapishaji wanatakiwa kisheria kupeleka nakala, au kwenye mkusanyiko wa East Africana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyaraka za ukoloni zipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pia Dar es Salaam. Kutoka Mtwara safari ni ya kilomita zaidi ya 550, kwa hiyo usiende kutazama kilichopo. Nenda na barua ya utambulisho ya chuo, majina ya magazeti, na tarehe kamili. Ulizia kwanza kibali na saa za huduma. Mtu mwenye orodha ya tarehe kumi humaliza kwa siku moja. Mwenye "miaka ya themanini" anaweza kukaa wiki nzima.

Hatua ya nne: mtandaoni, anza na wenye wajibu wa kuandika

Kabla ya kuingia mtandaoni kwa bando lako, pakua mafaili makubwa ukiwa kwenye mtandao wa chuo. Ripoti moja ya serikali yaweza kufika megabaiti kadhaa, na kuisoma moja kwa moja kwenye kivinjari hukufanya uilipie kila unapoifungua. Ipakue mara moja, isome bila mtandao.

Injini ya Google ina amri chache zinazookoa muda mwingi. Alama za mtajo hulazimisha maneno yakae pamoja: "stakabadhi ghalani". Neno *site* likifuatwa na nukta mbili na anwani, bila nafasi katikati, hutafuta ndani ya tovuti moja au kundi la tovuti. *Filetype* hufanya hivyohivyo kwa aina ya faili. Alama ya kutoa huondoa usichotaka. Kwa mfano wetu, andika:

korosho malipo 2018 site:parliament.go.tz

"stakabadhi ghalani" Tandahimba site:go.tz filetype:pdf

korosho Lindi before:2019-01-01 after:2018-10-01

Amri za tarehe hutegemea tarehe ambayo Google inadhani ukurasa ulichapishwa, nayo hukosea. Tarehe ya kweli isome ndani ya waraka.

Sasa nyaraka zenyewe, na mitego yake.

*Hansard* ipo kwenye tovuti ya Bunge. Unapomnukuu mbunge au waziri, andika tarehe ya kikao na ukurasa, na usome pia jibu lililofuata. Mbunge anaweza kutaja idadi ya wakulima wasiolipwa, kisha waziri akaipinga dakika tano baadaye. Kuchukua kauli ya kwanza peke yake ni kumpotosha msomaji.

*Ripoti za CAG* zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Hutoka katika majuzuu tofauti: serikali kuu, serikali za mitaa, mashirika ya umma, miradi ya maendeleo. Halmashauri ya Newala itafute kwenye serikali za mitaa. Mtego mkubwa ni mwaka. Ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi 2023 inahusu mwaka wa fedha ulioishia Juni 30, 2022. Mwanafunzi anayeandika "mwaka 2023 halmashauri ilipoteza" amesogeza tukio kwa mwaka mzima. Korosho inaongeza utata, maana ina miaka mitatu: msimu wa zao, ambao mauzo yake huanza karibu na Oktoba, mwaka wa fedha wa serikali, Julai hadi Juni, na mwaka wa kalenda unaotumika kwenye takwimu nyingi za kimataifa. Kabla ya kuweka namba mbili bega kwa bega, hakikisha zinatoka kwenye mwaka wa aina moja. Hakikisha pia zote ni za korosho ghafi, au zote za iliyobanguliwa.

*Takwimu za watu* zipo Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mtwara na watu 1,270,854, na ya 2022 ikaukuta na 1,634,947. Lindi ilitoka 864,652 hadi 1,194,028. Ongezeko la asilimia unalipata kwa kutoa ya zamani kutoka kwenye mpya, ukagawanya kwa ya zamani, ukazidisha kwa 100. Mtwara: 364,093 ugawanye kwa 1,270,854, ni asilimia 28.6 kwa miaka kumi. Lindi ni asilimia 38.1. Ukigawanya kwa namba mpya, kosa ambalo wanafunzi hulifanya sana, Mtwara itakuwa asilimia 22 na habari yako itakuwa ya uongo.

*Hukumu* za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kanda ya Mtwara ya Mahakama Kuu ina kesi nyingi za vyama vya ushirika, viwanja na ajira. Kila hukumu ina mwaka, herufi za mahakama na namba. TZHC ni Mahakama Kuu, TZCA ni Rufani. Baada ya kusoma ya Mahakama Kuu, tafuta majina ya wadaawa kwenye Rufani. Hukumu iliyotenguliwa haina maana ya mwisho, na kuichapisha kana kwamba bado inasimama kunaweza kumwumiza mtu aliyeshinda.

PDF nyingi za serikali ni picha za karatasi, kwa hiyo utafutaji wa neno ndani ya faili hauleti kitu hata kama neno lipo. Usiseme "sikupata". Ipandishe kwenye Google Drive, kisha ifungue kama waraka wa Google Docs, nayo itajaribu kuyasoma maandishi. Programu hizi huchanganya 3 na 8, na hupoteza mistari ya majedwali. Zitumie kupata ukurasa, namba yenyewe isome kwa macho kwenye picha ya asili.

Hatua ya tano: tafiti za wataalamu

Google Scholar hukupa makala za kitaaluma. Ukikuta moja inakufaa, tumia kiungo kinachoonyesha waliomnukuu mwandishi huyo, utapata tafiti mpya zaidi. Ikikutaka ulipe, bonyeza kiungo cha matoleo yote, maana mara nyingi nakala ya bure imewekwa kwenye hazina ya chuo. African Journals Online ina majarida ya Afrika, mengi ya bure, na tasnifu za wanafunzi wa vyuo vyetu zipo kwenye hazina za kidijitali za vyuo husika. Kwa zao la korosho lenyewe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kipo nje kidogo tu ya Mtwara mjini, na wataalamu wake huchapisha. Ukisoma makala ya mtafiti wa hapo, unaweza kwenda kumuuliza.

Soma sehemu ya mbinu kabla ya matokeo. Utafiti uliohoji wakulima 120 katika kata mbili za Masasi unaweza kuwa mzuri sana, lakini haukupi ruhusa ya kuandika "wakulima wa kusini". Andika wilaya, idadi na mwaka.

Historia ya kusini ina sehemu kubwa nje ya nchi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ndio uliojenga reli ya kwenda Nachingwea na kuleta bandari ya maji marefu ya Mtwara. Mijadala yake imo kwenye Hansard ya Bunge la Uingereza, inayosomwa bure mtandaoni. Mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ipo makumbusho ya Berlin, na maandiko ya kwanza kuihusu ni ya Kijerumani. Tafsiri ya mashine inatosha kukuonyesha ukurasa wa kusoma, lakini nukuu ya kuchapisha mtafutie mtu anayejua lugha.

Hatua ya sita: kurasa zilizofutika, picha na akili bandia

Tovuti za taasisi hubadilishwa, viungo vinakufa. Nenda web.archive.org, bandika anwani iliyokufa, kalenda itakuonyesha siku ambazo ukurasa ulihifadhiwa. Na wewe hifadhi: kila ukurasa utakaoutegemea, bandika anwani yake kwenye sehemu ya kuhifadhi ya tovuti hiyohiyo siku unayousoma. Inachukua dakika moja, nayo inakulinda siku taasisi itakapobadilisha namba kimyakimya.

Picha ya mitandaoni ipitishe kwenye Google Lens au TinEye na utafute mara ya kwanza ilipoonekana. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, Aprili 2019. Nyumba na minazi ya huko inafanana na ya kwetu, kwa hiyo picha ya Msumbiji inapita kirahisi kama ya Mtwara. Tazama maandishi ya maduka na namba za magari. Maandishi ya Kireno yanamaliza ubishi.

Wikipedia itumie kwa tanbihi zake. Programu za akili bandia zinafaa kukuongezea maneno ya kutafutia, lakini hubuni majina ya vitabu, kurasa na hata namba za sheria, zikiyaandika kwa uhakika kabisa. Marejeleo ambayo hukuyafungua mwenyewe usiyaandike.

Hatua ya saba: kisichopo popote, kiombe

Jedwali la makato ya AMCOS fulani huenda halipo mtandaoni wala maktabani. Anza kwa barua ya utambulisho ya chuo, kupitia Katibu Tawala wa Mkoa au Mkurugenzi wa Halmashauri, ukitaja waraka unaoutaka kwa jina na mwaka. Usipojibiwa, Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hesabu siku hizo kwenye ratiba ya kazi yako ya muhula. Ombi la wiki ya mwisho limeshachelewa. Omba kitu kimoja au viwili. "Taarifa zote za korosho" ni ombi linalokataliwa kwa urahisi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani ndiyo ushahidi wa tarehe.

Daftari la vyanzo

Tangu siku ya kwanza, jaza jedwali lenye safu hizi: tarehe uliyosoma, jina la waraka, aliyeutoa, ukurasa, maneno yenyewe neno kwa neno, kiungo, kiungo cha nakala iliyohifadhiwa, na kilichobaki kuthibitishwa. Zotero ni programu ya bure inayofanya sehemu ya kazi hii, na hukupa megabaiti 300 za hifadhi mtandaoni bila malipo. PDF nzito ziache kwenye kompyuta na nakala kwenye flashi. Maneno ya chanzo yaweke ndani ya alama za mtajo, ya kwako nje. Wizi wa maandishi mara nyingi huanzia kwenye daftari lisilotenganisha hayo mawili.

Kwenye kazi ya chuo utanukuu kwa mtindo unaotakiwa na mkufunzi. Kwenye habari, chanzo kinaingia ndani ya sentensi: "Sensa ya 2022 iliyofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaonyesha…" Usiandike "takwimu zinaonyesha" bila mwenyewe.

Ukishamaliza kuandika, pitia habari mstari kwa mstari na kalamu. Kila namba, jina na tarehe iwekee namba ya safu yake kwenye daftari. Isiyo na safu itoke. Kisha mpelekee anayehusika, iwe ni AMCOS, bodi au halmashauri, namba unazokusudia kuchapisha pamoja na kurasa ulikozitoa, na umpe muda halisi wa kujibu, angalau siku mbili za kazi. Mhariri mkabidhi habari, daftari na mafaili katika folda moja, kila faili likianza na tarehe ya waraka: 2018-11-12, kisha jina lake. Hivyo yanajipanga yenyewe kwa mfuatano, na yeyote atakayeifungua folda baada yako atajua la kuanza kusoma.